Uliza Tukujibu: Faida ya Korosho Imekaa Hatua Ipi?

Tangu minada ya korosho ya msimu wa 2024/25 itangaze bei zilizovuka shilingi 4,000 kwa kilo, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: kati ya shamba na rafu ya duka, fedha ziwekwe wapi? Mwezi huu tunazijibu tano. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Masasi. Pamoja na wadogo zangu watatu tumekusanya shilingi milioni 180. Kila mkutano wa hadhara tunaambiwa kwamba kuuza korosho ghafi ni kuuza ajira zetu, na kwamba faida yote imo kwenye ubanguaji. Je, tujenge kiwanda kidogo cha kubangua? Na mtu anaitambuaje hatua yenye faida kabla hajatumbukiza fedha zake?

Shikamoo Mwalimu. Nitatanguliza jibu, sababu zifuate: kwa mtaji huo msijenge kiwanda. Yanayosemwa mikutanoni yana ukweli kwa upande wa taifa, kwa kuwa ubanguaji huajiri watu wengi, wanawake hasa, na mishahara yao huzunguka papa hapa. Lakini mwekezaji hali ajira, wala hali thamani iliyoongezeka. Anakula kile kinachosalia baada ya kila mwenye haki kulipwa chake, na kinachosalia katika ubanguaji ni kidogo kuliko tofauti ya bei inavyomfanya mtu adhani.

Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mtaweka bei za siku mtakayoamua. Tuseme korosho ghafi mnadani ni shilingi 3,500 kwa kilo, na korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa na kumenywa, inauzwa kwa jumla shilingi 17,500. Anayeziangalia bei hizi mbili kwa haraka ataona kwamba fedha yake inazaa mara tano. Hata hivyo, kupata kilo moja ya karanga kunahitaji kilo nne hadi tano za ghafi, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito ni ganda. Tukichukua kilo nne na nusu, malighafi peke yake imekula shilingi 15,750, na zilizobaki ni 1,750 za kulipia umeme, kuni za mvuke, vibarua, vifungashio, usafiri na uchakavu wa mashine.

Kabla hamjalipa hata kimoja kati ya hivyo, benki inasubiri mlangoni. Korosho za kusini huvunwa na kuuzwa zaidi kati ya Oktoba na Januari, lakini kiwanda kinatakiwa kufanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo mwenye kiwanda hununua malighafi ya mwaka katika muda wa wiki chache, akaiweka ghalani na kuimaliza polepole. Kwa wastani kila shilingi aliyoweka hukaa ghalani nusu mwaka. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo ndiyo takribani kiwango cha kawaida cha mikopo ya biashara katika benki zetu, nusu mwaka ni asilimia saba na nusu ya shilingi 15,750, yaani shilingi 1,181. Kwa kila kilo ya karanga mmebaki na fedha isiyofika shilingi 600, na mashine bado haijawashwa.

Sasa ongezeni suala la kuvunjika, ambalo wauza mashine hawapendi kulizungumza. Soko la dunia hulipia korosho nzima, ambazo hupangwa kwa ukubwa katika madaraja kama W240 na W320, namba inayoeleza takribani karanga ngapi hutimiza ratili moja (karibu gramu 450). Vipande huuzwa kwa bei ya chini sana. Ile 17,500 yetu ni wastani wa kiwanda kinachotoa asilimia 75 nzima kwa shilingi 20,000 na asilimia 25 vipande kwa shilingi 10,000. Mafundi wenu wakiwa wageni wa kazi na nzima zikashuka hadi asilimia 65, wastani unakuwa 16,500, na ile ziada ya shilingi 600 imegeuka kuwa hasara inayozidi 400 kwa kila kilo. Hakuna mtu aliyeiba, wala bei ya dunia haijashuka; ni mvuke tu wa kupikia korosho kabla ya kubangua uliokosewa dakika kadhaa, au korosho zilizoingia kwenye mashine bila kuchambuliwa kwa ukubwa.

Nchi yetu ililipa ada ya somo hili mapema. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda 12 vya kubangua kwa mikopo ya nje, vikiwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Wakati huohuo mavuno, yaliyokuwa yamefikia karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalikuwa yanaporomoka kwa sababu ya watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ndogo kwa mkulima, na ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Viwanda vilikaa bila malighafi, baadaye vikabinafsishwa, na kadhaa vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Waliovipanga walikuwa wameyapima majengo na mashine kwa uangalifu, ila hatua ya nyuma yake hawakuipima.

Mwalimu, umeuliza hatua yenye faida inatambuliwaje. Mimi huanza kwa kuuliza ni nani anayesubiri fedha. Katika kila biashara ya mazao kuna mtu ambaye fedha zake zimelala huku za wengine zikizunguka. Mfanyabiashara anayenunua mnadani na kusafirisha ghafi kwenda India au Vietnam anaweza kupata faida ndogo kwa kila kilo, lakini mtaji wake hurudi ndani ya miezi michache akautumia kwingine, kwa kuwa korosho yetu hufika sokoni kabla ya mavuno ya Afrika Magharibi na ya hukohuko Asia, ambayo huanza baada ya mwaka mpya. Mbanguaji hupata zaidi kwa kilo lakini huzungusha mtaji mara moja kwa mwaka, au chini ya hapo. Faida ya kilo moja, bila kujua fedha imezunguka mara ngapi, haimwambii mwekezaji lolote.

Kisha huuliza ni nani asiyeweza kurukwa. Kuna hatua ambazo kila kilo lazima ipite, mathalani ghala kuu na bandari, na tangu msimu wa 2023/24 korosho za kusini zimeelekezwa kupita bandari ya Mtwara. Hatua kama hizo zingekuwa na faida nono kama mwenyewe angejipangia bei. Kwa kuwa tozo zake hupangwa na mamlaka, faida yake ni ya uhakika lakini yenye kikomo. Mbanguaji kwa upande wake anarukika kirahisi: bei yake ikizidi kidogo, mnunuzi wa Ulaya anapiga simu Vietnam, nchi ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na ambayo hununua sehemu kubwa ya malighafi yake Afrika na Kambodia. Wenzetu wale wana mashine wanazozitengeneza wenyewe, mikopo nafuu, na wanunuzi wa maganda yanayokamuliwa mafuta kwa ajili ya rangi na bitana za breki. Sisi maganda hayo mara nyingi tunayachoma.

La mwisho ni kujua nani anabeba mshtuko pale bei au sera inapobadilika. Kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao umekuwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Kwenye karatasi ushuru huo ni kinga kwa mbanguaji wa ndani, maana mshindani wake wa nje anainunua malighafi ikiwa ghali zaidi, na kusema kweli bila huo viwanda vilivyopo vingekuwa vichache zaidi. Lakini kinga iliyowekwa kwa sheria huondoka au hubadilishwa kwa sheria. Mwaka 2018 Bunge lilibadili utaratibu wa fedha za ushuru huo, sehemu iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Na Novemba ya mwaka huohuo, baada ya wanunuzi kutoa bei ndogo mnadani, Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuisomba. Mwenye kiwanda aliyekuwa amepanga kununua malighafi yake msimu ule alijikuta hana soko la kwenda.

Kwa hiyo milioni 180 ziende wapi? Zikinunua ghafi tupu kwa bei ya mfano wetu, zinapata takribani tani 51, ambazo zikibanguliwa hutoa karanga tani 11 na ushei, na hamjanunua hata bomba la mvuke. Hamna nguvu ya hatua ile. Nguvu mnayo nyuma yake, shambani, mahali ambapo wawekezaji wa mjini hawapendi kwenda kwa sababu hapapigiki picha. Mkoani kwenu kuna mikorosho mingi mikongwe inayotoa kilo chache kwa mti, na kituo cha utafiti cha Naliendele kimekwisha kutoa aina bora pamoja na utaalamu wa kuubebesha mkorosho wa zamani kikonyo, yaani kitawi, cha aina mpya, badala ya kuung'oa na kuanza upya. Mti uliobebeshwa, ukapogolewa na kupuliziwa kwa wakati, huzaa mara kadhaa ya ule uliotelekezwa. Mkulima hanunui malighafi ya mwaka mzima kwa fedha za benki, haajiri mafundi wa mvuke, na bei yake inagombewa na wanunuzi wengi mnadani. Anabeba mshtuko wa bei, ni kweli, ila hakopi ili aubebe.

Ningewashauri mnunue mashamba makongwe yaliyo karibu, yenye hati au nyaraka za kijiji zilizo wazi, na mtumie chini ya nusu ya fedha kuyafufua kwa awamu. Nyingine ikae benki hadi muone msimu wa kwanza. Wadogo zako watalalamika kwamba shamba halina hadhi ya kiwanda. Waonyeshe hesabu ya shilingi 600.

Nina lori la tani kumi, niko Nachingwea. Rafiki zangu wananiambia faida ya kweli ya korosho ni kangomba, wengine wananishauri nichukue zabuni ya kusomba mzigo wa vyama vya msingi vya ushirika. Nifuate ushauri upi?

Kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kichochoro nje ya mnada, ni kosa kisheria, na wanaokamatwa nayo wanaweza kupoteza mzigo na chombo kilichoubeba, nacho hapa ni lori lako. Hilo lingetosha kuwa jibu, lakini inafaa mwekezaji ajiulize kwa nini kangomba haifi licha ya misako ya kila mwaka. Mkulima huuza bakuli la korosho kwa bei ya kutupa, wakati mwingine ikiwa bado mtini, kwa sababu mwezi Agosti ana karo, ana msiba, ana njaa, na mnada uko Oktoba. Kinachouzwa pale hasa ni fedha taslimu ya miezi ile, kwa riba isiyoandikwa popote. Biashara haramu ikinona namna hiyo, ujue kuna huduma halali ambayo haijafika. SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, inayomkopesha mkulima mwezi Julai kwa riba ya haki, na kurejeshewa kupitia malipo yake ya mnada, inafanya kazi kwenye sehemu yenye uhaba mkubwa kuliko zote katika zao hili. Hiyo haihitaji lori, inahitaji wanachama wanaoaminiana na mhasibu mwaminifu.

Kuhusu usombaji, kazi ipo kila msimu, kwa kuwa chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika katika korosho tangu 2007, kila gunia lazima litoke chama cha msingi hadi ghala kuu. Ila wenye malori ni wengi, hivyo bei ya safari hushushwa na ushindani, na malipo hukatwa katika mauzo ya mnada, maana yake mnada ukikwama nawe umekwama. Baada ya msimu wa 2018/19 watoa huduma kadhaa, wasafirishaji wakiwemo, walidai fedha zao kwa muda mrefu. Chukua zabuni ikiwa lori limekwisha kulipiwa na lina kazi nyingine ya mwaka mzima, kama ufuta na mbaazi ambazo msimu wake ni tofauti. Usikope kununua lori la pili kwa kutegemea korosho.

Naandika kutoka Kilifi. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Kwa sheria kama hiyo, je, kuwekeza katika kubangua Kenya si salama zaidi kuliko Tanzania?

Marufuku hiyo imekuwepo tangu 2009, na inahusu pia makadamia. Inampa mbanguaji kitu ambacho wenzake wa Mtwara hawana, yaani kutoshindana na wanunuzi wa India na Vietnam. Lakini angalia upande wa pili wa mizani. Mnunuzi wa nje anapoondolewa, bei ya mkulima hubaki mikononi mwa viwanda vichache, na mkulima wa Kilifi, Kwale au Lamu asiyeridhika na bei haandamani. Anauacha mkorosho uzeeke, au anaukata akapanda mahindi na mnazi, au anagawa viwanja. Viwanda vya pwani ya Kenya vimekuwa vikilalamikia uhaba wa malighafi miaka yote ambayo sheria hiyo imekuwa ikiwalinda.

Msumbiji ilijaribu njia iliyo kinyume. Katika miaka ya 1990, kwa msukumo wa Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa ghafi. Viwanda vyake vikubwa vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi, huku wakulima wakipata nyongeza ndogo kuliko waliyoahidiwa. Ubanguaji ulirejea Nampula baada ya mwaka 2000 kwa viwanda vidogo zaidi, vilivyowekwa karibu na wakulima, vikitumia mikono mingi na mashine chache, na ushuru wa ghafi ukiwa umepandishwa tena.

Hivyo marufuku si usalama. Na inaweza kuondoka ghafla: mwishoni mwa 2023 Serikali ya Kenya ililegeza kwa muda marufuku ya makadamia ghafi kwa sababu bei ya mkulima ilikuwa imeanguka, na waliokuwa wamewekeza kwa kuitegemea sheria wakajikuta wakigombania malighafi na wageni. Ukitaka kubangua Kilifi, nenda kwanza mashambani ukahesabu miti michanga. Kama wakulima hawapandi, hicho kiwanda kitakuwa na miaka michache ya kuishi hata sheria ikibaki ilivyo.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari niliyeko Muscat. Hapa korosho huuzwa kwa wingi kwenye mahamasa, yaani maduka ya kukaanga karanga, zikiwa zimekaangwa kwa chumvi na zafarani. Nataka kuingiza korosho za Mtwara kwa kontena. Je, faida iko kwenye mlaji wa mwisho kama wasemavyo?

Waalaykum salaam. Tofauti kubwa ya bei iko huko kwa mlaji, hilo ni kweli, na mwenye mahamasa ndiye anayeichukua, kwa kuwa ana mahali pazuri, ana wateja wa miaka, na mteja wake hajui wala hajali korosho imetoka Vietnam au Newala. Wewe ukiingia kama mwingizaji wa jumla utakuwa mtu wa kurukika, kwa namna niliyomweleza Mwalimu hapo juu. Kontena la futi 20 huchukua katoni 700 za ratili 50, takribani kilo 15,876. Kwa bei yetu ya mfano ni zaidi ya shilingi milioni 277 kabla ya nauli ya meli. Hiyo ni fedha nyingi kwa jaribio la kwanza la mtu asiye na duka lake.

Ila barua yako inaonyesha, bila wewe kuitaja, kwamba una kitu ambacho mbanguaji wa Mtwara hana: fedha zisizobebeshwa riba ya asilimia 15. Tumeona kwamba riba hiyo inameza theluthi mbili ya kilichosalia baada ya malighafi. Mtu akileta mtaji wakati wa mnada, malighafi ikanunuliwa na kuwekwa ghalani kwa stakabadhi inayosomeka jina lake, kisha kiwanda kikaichukua kwa mafungu na kugawana naye faida kwa mkataba wa mudharaba (mmoja hutoa mtaji, mwingine kazi) au wa aina nyingine utakaoelekezwa na mwanasheria na wanachuoni, atakuwa ameziba pengo lililo ghali kuliko yote katika ubanguaji, na hatakuwa amegusa riba. Hatari yake ni bei kuanguka mzigo ukiwa ghalani, pamoja na uaminifu wa mwenye kiwanda. Kwa hiyo anza na kiwanda kimoja ambacho kimekwisha kusafirisha mizigo nje kwa misimu kadhaa, tembelea ghala wewe mwenyewe, na mgao wa kwanza uuchukue kwa korosho badala ya fedha, uzijaribu huko Muscat kwa mwenye mahamasa mmoja.

Sisi ni kikundi cha akina mama 22 wa Newala. Tunabangua kwa mashine za mkono na kuuza karanga kwa madalali wa Dar es Salaam. Tunaambiwa faida iko kwenye kufungasha. Tununue mashine ya kufungashia na oveni kubwa?

Dada zangu, nyinyi mko katika nafasi nzuri kuliko mnavyodhani. Mkono wenye uzoefu huvunja korosho kwa uchache, kwa hiyo ule upungufu wa nzima unaomtesa mwenye kiwanda kipya kwenu ni mdogo. Tatizo lenu liko kwingine, nalo ni malighafi. Mnada huuza kwa tani nyingi kwa mkupuo, wakati kikundi kinahitaji magunia machache kila mwezi, na pengo hilo ndilo linalowasukuma wabanguaji wadogo kwa watu wa kangomba. Kabla ya kununua mashine yoyote, nendeni Bodi ya Korosho pale Mtwara mkaulize utaratibu wa msimu huu wa wabanguaji wadogo kupata mzigo kwa kibali, na muungane na vikundi vya jirani ili mfikishe kiasi ambacho chama kikuu cha ushirika kitakubali kuwauzia pamoja. Mkikosa malighafi kuanzia Machi, oveni kubwa itageuka kabati.

Kufungasha kunalipa, ila si kila mahali. Kilo moja hutoa pakiti kumi za gramu 100, na tofauti ya bei kati ya kilo ya dalali na pakiti hizo kumi ni kubwa. Duka kubwa la Dar es Salaam litazipokea kwa mkopo, likalipa baada ya miezi miwili, na kuwarudishia zilizopitwa na tarehe. Hapo mtakuwa mmegeuka benki ya mwenye duka. Anzeni na wanaolipa papo hapo: mabasi yanayosimama njiani, ofisi za serikali na mashirika mjini Mtwara, hoteli ndogo, na ndugu walioko mikoani ambao watauza kwa watu wanaowafahamu. Kwa kazi hiyo mashine ndogo ya kubana mifuko inatosha. SIDO, shirika la viwanda vidogo, watawafundisha, na kwa barua yao ya utambulisho TBS, shirika la viwango, huwahudumia wajasiriamali wadogo kwa unafuu, kwani bila alama ya ubora hoteli haiwezi kuwapokea.

Sehemu ya karanga zenu endeleeni kuwauzia madalali, hasa vipande na zile ndogo, ili fedha ya mshahara wa wiki isikosekane wakati pakiti zikitafuta wateja. Na wekeni daftari la vitu vitatu kwa kila gunia: kilo zilizoingia, kilo za nzima zilizotoka, na kilo za vipande. Mtakapokuwa na daftari la msimu mmoja, tuandikieni tena mkiambatanisha namba hizo, tuweze kuwaambia kama oveni kubwa inafaa. Na glavu za mikono zinunuliwe sasa hivi, kabla ya hayo yote, kwa sababu mafuta ya ganda yanachoma na majivu mnayopaka hayatoshi.